Staa Akipona Anapewa Jukwaa, Jirani Akipona Anapewa Kilaji

Stori za mastaa na unga Bongo huwa zinafanana. Msanii aliyekuwa anajaza kumbi anapotea miaka miwili mitatu, kisha picha zinaanza kusambaa: kakonda, midomo imekauka, macho yamezama. Mtaani wanasema unga umemla. Halafu siku moja anaibuka kanawiri, anahojiwa redioni, anasema ameacha. Kuanzia hapo anaitwa kila mahali, shuleni, kanisani, kwenye maadhimisho, anashika maiki anawaambia vijana wasiguse. Watu wanalia, wanapiga makofi, wanapiga naye selfi. Miezi kadhaa mbele ile sura ya kukonda inarudi, na walewale waliopiga makofi ndio wanaoandika "teja ni teja tu."

Wengi huona hayo ni mambo ya Dar, ya Kinondoni na Magomeni. Lakini ukiichukua stori hiyo ukaipeleka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, vinabadilika vitu viwili tu: kamera hakuna, na mnyama anayekula watu mara nyingi ni pombe. Gongo, pombe za kienyeji, na vile vichupa vidogo vilivyokuja kuziba pengo la viroba baada ya serikali kuvipiga marufuku Machi 1, 2017.

Bariadi kila mtaa una mtu wake anayejulikana. Zamani alikuwa anarudishwa nyumbani kwa baiskeli kutoka kilabuni, kalazwa juu ya keria kama gunia. Hela ya pamba ilikuwa inaingia msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, na kabla ya Saba Saba imekwisha. Mke alisharudi kwao mara mbili, watoto wakarudishwa shule kwa kukosa sare. Halafu mtu huyu akaacha. Mwaka wa kwanza watu wakasema anaigiza, mwaka wa pili wakasema kalogwa. Sasa ni mwaka wa tatu, ana ng'ombe wawili na paa la bati, na hakuna redio iliyomhoji. Akienda harusini, rafiki zake wanamsogezea glasi: "Onja kidogo tu bwana, leo si sherehe?"

Staa akipona anapewa jukwaa, jirani akipona anapewa kilaji. Yote mawili ni makosa, na yote yanatokana na fikra moja: kwamba mtu aliyepona ni wa kutazamwa. Kiukweli huyu ni mtu wa kazi, na hiyo kazi ndiyo inayomlinda.

Hilo halikugunduliwa na profesa. Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, kufuatilia dili ambalo lilibuma. Alikuwa na miezi mitano tu hajagusa pombe. Amesimama hotelini, mfukoni hana kitu, upande wa pili anasikia vicheko vya baa. Badala ya kuingia, akashika simu akaanza kuulizia kama kuna mlevi yeyote mjini hapo wa kuongea naye. Akaunganishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye kwa kunywa alikuwa karibu kupoteza kazi. Smith alikuwa daktari, kuhusu madhara ya pombe hakuna alichohitaji kufundishwa. Kilichomgusa ni kuongea na mtu aliyelala mtaroni kama yeye na akatoka. Alikunywa mara ya mwisho Juni 10, 1935, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Watu wa dawa za kulevya wakaja kuanzisha chama chao, Narcotics Anonymous, mwaka 1953.

Angalia vizuri hapo. Wilson hakupiga simu kwa sababu alishapona kabisa na sasa anataka kusaidia wanyonge. Alipiga kwa sababu alikuwa hoi. Kumsaidia mwenzake ndiyo ilikuwa dawa yake mwenyewe ya jioni ile.

Kwa wanaopenda ushahidi wa kitaalamu, upo. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Walikuta kwamba katika kumfanya mtu aache pombe kabisa na asirudie, mikutano hii na programu zinazowaunganisha watu nayo havikuwa nyuma ya tiba nyingine zinazotambulika, na mara nyingi vilikuwa mbele. Na mikutano yenyewe haihitaji mashine wala jengo la ghorofa. Inahitaji viti, saa moja, na watu wasiodanganyana.

Hapa nyumbani pia si jambo geni. Zanzibar, mwaka 2009, vijana waliotoka kwenye unga walianzisha soba hausi ya Detroit, nyumba ambayo waliopona ndio wanaowasimamia wanaoanza. Baada yake nyumba za namna hiyo zikaongezeka visiwani. Ukiingia na arosto, anayekaa na wewe usiku kucha unapotapika na kutetemeka ni mtu ambaye naye alitapika hivyohivyo. Huwezi kumpiga fiksi. Ukimwambia unatoka kidogo kwenda kununua vocha, anajua hiyo vocha inauzwa kijiwe gani.

Dar nako, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni Februari 2011, dawa ilikuwepo lakini kazi ilikuwa kuwatoa watu maskani waje kuinywa. Teja akiona gari la wageni anakimbia, anajua ni polisi. Waliowafikia vizuri ni waelimisha rika, watu waliowahi kukaa palepale, wanaojua nani analala wapi na saa ngapi anaweza kusikiliza. Daktari anamiliki dawa, lakini njia ya kwenda maskani anaijua aliyepita.

Sasa Simiyu. Kwa mtu wa Bariadi aliyezama kwenye heroini, kituo cha methadoni cha karibu ni Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Na methadoni kwa kawaida mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Mkulima wa Itilima au kijana wa bodaboda pale stendi hawezi kupanda basi kwenda na kurudi Mwanza kila siku ya Mungu. Halafu kuna ukweli mwingine mzito zaidi: methadoni haimsaidii mtu wa gongo. Kwa huyo, na ndiye aliye wengi vijijini, kinachobaki ni hospitali kwa siku za mwanzo, na baada ya hapo ni watu.

Watu hao wapo. Maswa wapo, Meatu wapo, Lamadi wapo. Ni kwamba hakuna anayewaita.

Hili linashangaza zaidi kwa sababu Usukumani watu wanajua sana kuitana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Shinyanga, mkoa ambao Simiyu ilikuwa sehemu yake mpaka 2012, hawakukaa kusubiri. Waliunda sungusungu. Ukipigwa mwano usiku, kila mwanaume anatoka na silaha yake, haulizi ni ng'ombe wa nani. Lakini jirani akiibiwa na gongo, akaibiwa akili, shamba na mke, mwano haupigwi. Watu wanachungulia dirishani, wanacheka, wanalala. Ng'ombe mmoja anatoa kijiji kizima, baba mzima hatoi hata mtu mmoja.

Wapo watakaosema mlevi hafundishi mtu, maana kesho atarudi kilabuni. Ni kweli wengine wanarudia. Mgonjwa wa kisukari naye sukari inapanda tena, na hakuna anayemwandikia matusi. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na ndiyo sababu mtu mmoja hatoshi. Wanatakiwa watatu wanne, ili mmoja akiteleza wenzake wamfuate kabla hajafika mbali. Hapo ndipo mastaa wanapoponzwa. Staa anatoka soba hausi na miezi mitatu, anapewa maiki, anapewa mabango, anapewa kiki. Kila mtu anamwomba ushuhuda, hakuna anayemuuliza, "Umelalaje jana?" Akianza kutetereka hana pa kusemea, maana ameshatangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Mfano wa kuigwa hauruhusiwi kuwa na hamu ya unga saa nane usiku.

Jirani wa Bariadi ana nafuu hapo. Hana mashabiki wa kuwalinda. Anaweza kumwambia mwenzake, "Jana kidogo niingie," na asubuhi isiwe habari ya mjini. Lakini naye ana shida yake: yuko peke yake kila siku, na kila sherehe ni mtego.

Kuna onyo moja ambalo halitakiwi kuchukuliwa kirahisi. Aliyepona si daktari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, kupata degedege na hata kufa. Kumfungia ndani ya chumba siku tatu "atoke jasho" ni hatari, na kumchapa viboko ni ujinga. Huyo anapelekwa hospitali kwanza. Kazi ya mwenzake aliyepona ni kumshika mkono mpaka dirisha la mapokezi, na kumpokea siku anaporuhusiwa, kabla marafiki wa kilabuni hawajampokea wao.

Onyo la pili ni kwa wanaodhani suluhisho ni kumwaga mapipa. Gongo imekatazwa na sheria miaka mingi, na mpaka leo ipo. Anayepika mara nyingi ni mama wa jirani ambaye sare na madaftari ya watoto wake yanatoka kwenye lile pipa. Na wapo akina mama wanaoonja wakipika mpaka wanakuwa wateja wa pombe yao wenyewe. Hao aibu yao ni mara mbili, kwa sababu mwanaume akilewa anaitwa mlevi, mwanamke akilewa anaitwa majina yasiyoandikika. Mama wa namna hiyo hawezi kukaa kikao kimoja na wanaume aliokuwa akiwauzia na akafunguka. Anahitaji mwanamke mwenzake aliyepita hapo, wakae chini ya mwembe wawili watatu. Kuwasahau hao ni kuokoa nusu ya nyumba na kuiacha nusu inaungua.

Kinachotakiwa hakina gharama ya kutisha. Ofisi ya mtaa ina benchi, na jioni haina mtu. Jioni moja kwa wiki wangepewa walioacha na wanaotaka kuacha, mwenyekiti awafungulie mlango kisha aondoke. Vyama vya msingi vya pamba vinakutanisha wakulima kabla ya malipo, na dakika kumi za mkulima mwenzao aliyewahi kunywa msimu mzima zingefanya kazi kuliko hotuba ya kiongozi yeyote. Zahanati ikimruhusu mgonjwa wa pombe, ingeweza kumuuliza kama anataka kukutanishwa na mtu. Na huyo anayezunguka vijijini kuwafuata wenzake alipwe nauli na posho, kama anavyolipwa mwezeshaji wa semina yoyote. Kumwambia "Mungu atakulipa" huku wengine kwenye semina hiyohiyo wanasaini posho ni kumfundisha kwamba maumivu yake hayana thamani.

Mastaa nao wana nafasi yao, tena kubwa. Staa akitua Bariadi kwa shoo, watu watajaa uwanja mpaka juu ya miti. Badala ya kumpa maiki asimulie alivyoanguka, angeweza kupelekwa mchana, bila kamera, akakae nusu saa kwenye lile benchi la ofisi ya mtaa na watu wa gongo. Wao wangepata kujua kwamba unga na gongo ni ndugu wa tumbo moja. Yeye angepata kitu ambacho mashabiki hawawezi kumpa, yaani watu wasiotaka selfi, wanaotaka kujua tu kama usiku wa jana ulipita salama.

Usiku ukiingia staa anakuwa hotelini na mkulima nyumbani kwake, na wote wawili wanapigana na kitu kimoja. Anayejua kukaa na mtu saa hiyo ni yule aliyeivuka. Bariadi anao, wamekaa kimya, wanakataa glasi harusini huku wakichekwa.

Wadau, mtaani kwenu nani aliacha? Na kuna mtu yeyote aliyewahi kumuuliza aliachaje?