Kampuni si Jengo, Jamani!

Nimerudi kwenye modi yangu baada ya wiki mbili za kazi ya mshahara, na nimerudi na hasira.

Kwa wageni: modi ni marekebisho ambayo sisi wachezaji hutengeneza juu ya mchezo wa dukani. Yangu ni ya dunia ya leo, juu ya Civilization IV: Beyond the Sword (2007). Mchezo wa zamani, ndiyo, lakini unafunguka vizuri: XML, Python, hata C++ ukitaka. Kampuni za kimataifa zimo tayari. Unaeneza matawi, na makao makuu hupata dhahabu kwa kila mji wenye tawi. Standard Ethanol, kwa mfano, hula mahindi, mchele na miwa, ikatoa mafuta na utafiti.

Sasa modi nyingi nilizofungua hufanya nini? Hubadilisha jina na nembo, huongeza mbili hapa, tatu pale, basi. Hiyo si kampuni, ni jengo lenye nembo!

Mimi niko Lurambi. Katika kaunti hii ya Kakamega, Mumias Sugar iliundwa 1971, na kiwanda kikaanza kazi 1973. Mwenye hisa nyingi alikuwa nani? Serikali ya Kenya. Mwendeshaji? Booker ya Uingereza, ile ile ya mashamba ya miwa ya Guyana, yenye hisa chache tu lakini ikilipwa kwa kusimamia. Na miwa? Ya maelfu ya wakulima wadogo, waliolimiwa na kupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, deni likakatwa siku ya malipo. Haya, yaingize hayo kwenye jedwali lenye safu moja ya "mmiliki". Nilijaribu Jumamosi nzima.

Au chukua M-Pesa. Ilianza 2007, Wakenya wakaijaza pesa zao, lakini jina lilikuwa la Vodafone na Safaricom ikalilipia ada, hadi 2020 Safaricom na Vodacom walipolinunua. Tawi moja, njia mbili za pesa kutoka nje: gawio na ada. Mchezo haujui ada ni nini.

(Wala haujui kampuni inayotawala. Kuanzia 1888 hadi 1895 IBEA ilishika eneo hili kwa hati ya malkia. Kwenye mchezo, kampuni haiwezi kushika hata kijiji.)

Rafiki yangu ananiambia, "Ni mchezo tu, ndugu, ongeza dhahabu tulale." Sikubali. Kijana anayekesha akicheza atajua kila kitu kuhusu makao makuu, na hataona kwamba kuna mkulima upande wa pili, kwa sababu sisi hatukumwandikia hata safu.

Tena kampuni za mchezo hazifilisiki! Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB 2019, wakulima wakiwa bado wanadai. Mwaka 2021 ukodishaji ukapewa Sarrai Group ya Uganda. Benki yenye dhamana hutangulia, mkulima hupanga foleni nyuma.

Kwa hiyo nimeifuta ile safu ya mmiliki. Badala yake kuna majedwali manne: hisa, usimamizi, ada na madeni. Ya hisa na usimamizi yanafanya kazi. Ada inahesabiwa mara mbili, sijui kwa nini. La madeni bado linaangusha mchezo kila kampuni inapofilisika, na leo usiku nalirudia tena.