Niliuziwa picha ya mninga

Wiki iliyopita niliahidi kuwamegea habari za masela wanaovaa miwani ya jua saa tatu usiku. Hao watangoja. Wiki hii nina la kwangu mwenyewe, tena la aibu, na nalisema mimi kabla dada yangu hajalisema kwa niaba yangu.

Niliingizwa mjini. Mimi, mtoto wa Temeke, niliyezaliwa na kukulia hapa hapa Dar, niliingizwa mjini nikiwa nimekaa kwenye kochi la mama, simu mkononi, chai pembeni. Wala si demu aliyeniingiza, wala si wale jamaa wa karata tatu. Niliingizwa na mbao.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba safu hii hailipi kodi ya chumba. Kwa hiyo tangu nimalize kidato cha nne, kila Jumamosi na Jumapili naenda kwa fundi mmoja wa Keko. Mwanzo nilikuwa nafagia maranda na kumshikia ubao anapopasua. Siku hizi ananiachia randa na patasi, na nimeshatoa stuli mbili na meza moja ambayo haiyumbi sana. Basi dada yangu alipochumbiwa, nikasimama mbele ya wajomba na mashangazi, kiherehere kimenijaa, nikatangaza kwamba kitanda cha bibi harusi nitatengeneza mimi. Cha mninga. Tano kwa sita. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Jamani, baada ya kigelegele huwezi tena kurudi nyuma.

Pesa zilitoka kwa mama. Zamu yake ya upatu ilikuwa imemfikia mwezi ule, laki tano na nusu. Akanihesabia noti moja moja kiganjani, halafu akasema, "Baba, hizi ni za kitanda cha dada yako. Si za viatu."

Sasa kwa wale ambao kitanda kwao ni kitu cha kulalia tu, niwape darasa kidogo. Mninga ni mti wa mapori ya miombo, unatoka sana Tabora na mikoa ya jirani. Ukiuchanja gome unatoa utomvu mwekundu kama damu, unaweza ukadhani umejeruhi mtu. Mbao zake ni za kahawia zenye michirizi, na zinapasuliwa na kupigwa randa bila kumtesa fundi. Lakini utamu wake hasa ni kwamba ukikauka haubadiliki sana. Droo ya mninga haikung'ang'anii wakati wa masika, wala mlango wake haujipindi kama chapati. Mkongo nao ni mgumu, wanaupenda sana kwa milango. Msaji, yaani mtiki, huo unapandwa kabisa, yapo mashamba ya serikali Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Mninga wewe unautegemea pori, na pori linakwisha. Mwezi Novemba 2022 nchi zilizokutana Panama katika mkutano wa CITES ziliingiza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje ya nchi lazima iwe na vibali vya kuilinda. Mti ukifika umaarufu huo, usishangae ukianza kupata mapacha wa bandia.

Fundi aliniambia, "Nenda Buguruni ukaone mbao kwa macho." Nikaona jua, nikaona foleni, nikaona na mimi ni kijana wa kisasa. Nikaingia Instagram.

Ukurasa wenyewe ulikuwa bomba ile mbaya. Ubao mmoja umelazwa juani, umeng'aa, michirizi inaonekana kama imechorwa na malaika. Nikamtumia jamaa ujumbe. Maswali yangu yote yalikuwa mawili: bei gani, na lini unaleta. Akajibu ndani ya dakika moja: "Bosi wangu, moja kwa nane, futi kumi, mkavu kabisa, mzigo mpya wa Tabora. Ukilipa zote leo usafiri juu yangu." Kumi na nne kwa laki nne na nusu. Nikapiga hesabu ya kinachobaki, nikafurahi, nikatuma kwa simu. Zote! Hata chai haijapoa.

Mzigo ulikuja na kirikuu saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia, dereva ana haraka kama anafukuzwa. Tukashusha. Rangi niliiona ni ya kahawia, nikaridhika. Kumbe ile haraka yenyewe ilikuwa sehemu ya biashara.

Asubuhi fundi akaja kuangalia. Hakusema kitu. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akausugua ubao wa kwanza, akanionyesha kidole. Kimekuwa cha kahawia. Rangi, wajameni! Mbao imepakwa rangi! Akachukua msumeno akakata ncha. Ndani nyeupe pee, kama mkate.

Tukazipitia zote. Kati ya kumi na nne, tano tu zilikuwa mninga, nazo pembeni zina ule ukanda mweupe wa upande wa gome ambao wadudu wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda chipsi. Tisa zilikuwa mti ambao hata fundi hakutaka kuutaja jina. Halafu akatoa futi kamba. Ile moja kwa nane yangu ilikuwa robo tatu ya inchi kwa saba. "Uliuliza ni kabla ya randa au baada ya randa?" Sikuuliza. Kumbe ubao ukitoka msumenoni unakuwa na kipimo kimoja, ukipigwa randa unakonda, na muuzaji anakutajia kile kinachomfaa yeye. Ukizidisha kwa mbao kumi na nne, umelipia maranda ambayo hata kuyafagia hukuyafagia wewe.

Bado kulikuwa na hili la ukavu. Mimi nilikuwa nadhani mbao kavu ni ile isiyodondosha maji. Kwenye uwanja wetu yuko dada mmoja anayeoka keki za harusi, ana mizani ya gramu na oveni. Fundi akanituma kwake na kipande kutoka katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema na kudanganya. Tukakipima, gramu 156. Tukakiweka kwenye oveni, moto wa nyuzi 100 na kidogo, tunakitoa na kukipima kila baada ya muda mpaka uzito ukagoma kushuka. Kikaishia gramu 120. Maana yake gramu 36 zilikuwa maji. Gawanya 36 kwa 120, unapata asilimia 30. Kitanda cha ndani, kwa joto na unyevu wetu wa Dar, kinataka mbao ya asilimia 12 hadi 15 hivi. Ubao wa 30 ukiugeuza kitanda, utaendelea kukauka ukiwa ndani ya chumba cha watu. Na mbao ikikauka haipungui urefu, inapungua upana. Viungio vinalegea, kitanda kinaanza kulia. Sasa piga picha: bibi harusi, bwana harusi, wakwe chumba cha pili, na kitanda nilichotengeneza mimi kinalia. We acha tu.

Nikampigia jamaa. Akapokea kwa upole kabisa. "Kaka, ile picha ilikuwa ya mfano." Ya mfano! Nikamuuliza, na neno mkavu nalo lilikuwa la mfano? Akakata. Nilipopiga tena, namba ikawa haipatikani, na ukurasa nikawa siuoni. Jina simtaji, mhariri wangu hapendi kwenda mahakamani.

Kilichonitesa si jamaa. Kilichonitesa ni kuingia ndani kumwambia mama. Alikuwa anachagua mchele. Nikasema yote, mpaka la kidole. Hakuinua macho. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni, akauliza, "Dada yako anajua?" Nikasema bado. "Basi kamwambie wewe, asisikie kwa shangazi zako." Ni afadhali angenifokea.

Dada alicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akauliza kama atalala chini. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Hapo ndipo fundi aliponiokoa. Alikaa na mimi, tukachora kitanda upya. Akauliza, nani atakayetazama chaga? Hakuna, zinakaa chini ya godoro. Basi chaga zikawa za paini, ule wa mashamba ya Sao Hill, Mufindi, rahisi na mwepesi. Zile tano za mninga halisi, ambazo zilikuwa kavu kuliko wenzake, tukazikata ule weupe wa pembeni, zikatosha ubao wa kichwani na wa miguuni. Kilichokosekana ni matendegu na mbavu, ambako uzito wote unakaa. Huko hakuna mchezo, inatakiwa mbao nene ya mninga. Fundi akanikopesha.

Na hamtaamini, niliagiza tena kwa simu. Kwa mtu mwingine, lakini. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa msumbufu. Nilitaka mbili kwa sita, nikauliza kabla ya randa au baada. Nikauliza ni zile zile zitakazokuja au ni ndugu zao. Nikamwambia anipigie simu ya video mchana kweupe, zile mbao, moja moja, pande zote mbili na kwenye ncha, futi kamba iwekwe juu yake nione namba. Nikamtaka aweke na gazeti hili la wiki ile juu ya ubao, nijue picha si ya mwaka juzi. Jamaa akacheka, akasema hana gazeti. Nikamwambia anunue, nitamrudishia. Akanunua! (Mhariri, huyo msomaji mmoja ni wangu.) Nikamwambia akwangue kidogo kwa kisu tuone ndani. Nikauliza karatasi, kwa sababu mbao halali ya porini husafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, wenyewe wanaiita TP, na mwenye mbao halali haoni taabu kukuonyesha. Akaonyesha. Nikalipa theluthi, kilichobaki nikalipa mzigo uliposhuka, saa nne asubuhi, fundi yupo na kidole chake gumba.

Zilikuwa mninga. Nyingine ilikuwa na ufa wa kiganja kimoja mwishoni, tukaukata, hakuna aliyekufa.

Kitanda kilikwisha siku tatu kabla ya harusi, vanishi bado inanuka. Shangazi wa kigelegele alikikalia, akarukaruka mara mbili, na shangazi huyo si mwepesi. Hakikulia. Dada alinitazama tu. Deni la fundi nalilipa kwa Jumapili za bure, kwa hesabu yetu nitamaliza karibu na Krismasi, kwa hiyo anayenitafuta siku hizo ajue niliko.

Zile tisa ziko nyuma ya chumba cha mama. Nimeziinua juu ya matofali, nimeziezekea bati, nimeweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na ncha zake nimezipaka rangi ya mafuta zisipasuke kwa kukauka haraka. Kila baada ya wiki mbili nakata kipande nakipeleka kwa dada wa keki. Mara ya mwisho tulipata asilimia 22. Mama keshaziwekea madai, anataka kabati la vyombo, na ameniuliza mara mbili kama rangi ile itatoka kwenye sahani.