Kabla Hujafunga Kifaa cha Kupunguza Mafuta Kwenye Gari Yako, Piga Hesabu Hii

Leo naomba tuongee kuhusu gari. Sio mambo ya mapozi, ni mambo ya hela. Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunapeleka mizigo kwa IST, Vitz, Passo au Probox za zamani, na mafuta ndiyo yanayokula faida yetu kimya kimya.

Chukua mfano. Umeuza viatu, faida yako 8,000. Mteja yuko Sinza, wewe uko Mbagala, na ulishamwahidi delivery bure. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 36, na gari yako inakwenda kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 3. Kwa hesabu rahisi ya 3,000 kwa lita, umechoma 9,000. Yaani simu inakuonyesha umeuza, mfukoni umepoteza buku.

Ndio maana wauza vifaa vya "kupunguza mafuta" wanatupata kirahisi. Kuna kile cha kuchomeka chini ya steringi, kuna sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta, na kuna ile chupa ya maji ya HHO wanayosema inafanya gari itembelee maji. Fundi atakufungia nyumbani kwako nusu saa, basi, mafuta nusu.

Msimamo wangu nausema mapema: gari ya zamani haihitaji kuongezwa kitu ili ile mafuta kidogo. Inahitaji kuondolewa mizigo isiyo yake na kurudishwa ilivyotoka kiwandani. Kazi nyingi za hivyo unaweza kuzifanya nyumbani, na hela yake ni ndogo kuliko bei ya kifaa.

Nianze na hivyo vifaa. Chupa ya HHO inapasua maji kwa umeme. Umeme huo unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini inakula petroli. Kupasua maji kunataka nguvu nyingi kuliko utakayoipata ukichoma ile gesi. Ni sawa na kukopa 10,000 ili upate 5,000. Sumaku nayo haina cha kufanya, petroli haivutwi na sumaku. Na kile cha kuchomeka, vingi vyake ukivifungua ndani unakuta taa inayowaka na saketi ya kuiwasha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta, na haikupata hata kimoja kinachopunguza kwa kiwango cha maana. Wenzetu wenye maabara wameshapima, sisi tupime kwa hela ya mtaji?

Kuna mtu ataniambia, mbona mitandaoni kuna watu wamebadilisha gari zao wenyewe nyumbani na mafuta yakapungua kweli? Ni kweli wapo. Kuna Honda Civic ya 1992 huko Marekani, maarufu kwa jina la AeroCivic. Mwenyewe aliifunika magurudumu, akaifunika chini, akaiongezea mkia mrefu kama samaki, ikafika kama kilomita 40 kwa lita. Lakini soma vizuri: ilikuwa inatembea 105 kwa saa kwenye barabara kuu. Upepo unaanza kuisumbua gari ikiwa kwenye mwendo mkubwa, maana mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa unazidi mara nne. Sasa wewe uko kwenye foleni ya Buguruni unatembea 15 kwa saa, unakata upepo gani? Kwenye foleni, kinachokula mafuta ni uzito unaousukuma kila ukiondoka, breki, na injini inayounguruma umesimama. Mabadiliko ya gari lazima yafuate barabara unayopita wewe.

Haya, haya hapa ninayoyaona yana maana kwa mtu wa delivery mwenye gari ya zamani.

1. PIMA KWANZA. Jaza ful tenki, weka tripu sifuri, fanya kazi zako kama kawaida. Baada ya siku kadhaa rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena ful. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kama umetembea 312 na umeongeza lita 26, gari yako ni kilomita 12 kwa lita. Iandike kwenye daftari la biashara. Rudia mara tatu upate wastani. Usipokuwa na namba hii, mtu yeyote anaweza kukuuzia chochote na utaamini kimefanya kazi.

2. UPEPO WA TAIRI. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, sio kichwani kwa mtu wa pancha. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kuweka upepo sahihi kunaokoa wastani wa asilimia 0.6, na wengine hadi asilimia 3. Ni kidogo, lakini ni karibu na bure, na tairi zinadumu.

3. BREKI INAYOSHIKA. Hii kwenye gari za zamani ni ugonjwa mkubwa na watu hawaujui. Ukifika nyumbani kutoka safari, sogeza mkono karibu na rimu za magurudumu yote manne, usiguse. Kama moja linatoa joto kali kuliko la upande wake wa pili, breki haiachii. Gari inasukuma huku inajizuia yenyewe. Mpeleke fundi asafishe au abadilishe kinachokwama. Hii pia ni usalama wako.

4. THEMOSTATI. Hapa naongea kwa ukali kidogo. Gari ikichemsha, mafundi wengi wa mtaani dawa yao ni kuing'oa themostati na kuitupa. Kazi ya themostati ni kuacha injini ipate moto haraka, halafu ifungue maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, na kwenye safari fupi fupi kama zetu inaweza isiufikie kabisa. Kompyuta ya gari ikiona injini ya baridi inaongeza mafuta. Kwa hiyo umetibu kuchemsha kwa kununua ulafi wa mafuta. Angalia mshale wa joto kwenye dashibodi, au ile taa ya bluu kama gari yako haina mshale. Ukitembea muda mrefu na bado inasema baridi, uliza kama themostati ipo. Kama haipo, irudishwe, na chanzo cha kuchemsha kitafutwe: rejeta, feni, pampu ya maji au mfuniko.

5. TAA YA INJINI. Kuna wanaoibandika plasta nyeusi wasiione. Lipia mashine isome hitilafu. Sensa ya oksijeni ikifa kabisa inaweza kupandisha ulaji wa mafuta sana. Serikali ya Marekani inasema kurekebisha tatizo kubwa la aina hiyo kunaweza kuongeza kilomita zako hadi asilimia 40. Hakuna sumaku itakayokupa hiyo.

6. OILI NA PLAGI. Kama kitabu cha gari kinasema 5W-30, usikubali kuwekewa 20W-50 kwa sababu tu "gari imezeeka". Oili nzito injini inaizungusha kwa taabu. Plagi ukitaka kubadilisha mwenyewe unaweza, ila nunua za namba sahihi ya gari yako.

7. ONDOA. Keria ya juu kama huitumii, ishuke. Mjini haina athari kubwa, lakini ukienda mkoani kwa mwendo wa barabara kuu inakula. Boksi la mziki kwenye buti, liondoke: lina uzito, na linavuta umeme kwenye alteneta. Stoo isiwe kwenye gari. Mzigo ambao hauna mteja leo ubaki nyumbani. Hapa nisiwadanganye, kila kilo 45 ni kama asilimia 1 tu, ingawa gari ndogo inaumia zaidi. Tairi ya spea na jeki usitoe, siku ya pancha utatumia hela mara kumi.

Yapo ambayo nasema msifanye kabisa. Kunyanyua gari kwa spesa na kuweka rimu kubwa pana: gari inapendeza, ila umeongeza uzito wa magurudumu na upinzani wa barabara, halafu unalalamika inakunywa. Kuziba grili ya mbele kwa maboksi: walioko kwenye baridi Ulaya na Marekani wanafanya, sisi na joto la Dar tutaua injini. Na kushusha mlima gia ikiwa neutral. Gari za sindano, yaani hizi zetu nyingi za kuanzia miaka ya 2000, ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia na bado ina kasi, kompyuta inakata petroli kabisa. Ukiweka neutral injini inabidi ile mafuta ili isizime. Kwa hiyo unakula zaidi, na Kitonga unashuka bila injini kukusaidia kushika gari. Hapo huokoi petroli, unauza roho.

Sasa turudi kwenye hesabu. Tuseme unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa kilomita 12 kwa lita unatumia lita 100, ambazo ni 300,000. Ukirudisha gari kwenye hali yake ukafika 14, unatumia lita 86 hivi, kama 257,000. Umebaki na 43,000 kila mwezi. Kwa mtaji wetu hiyo ni dazeni ya kitu fulani.

Wapo watakaosema uza gari, chukua mpya inayokula kidogo. Sawa, tupige na hiyo. Ukipata inayokwenda 18 kwa lita, utaokoa kama 100,000 kwa mwezi ukilinganisha na ile ya 12. Ukiongeza milioni 8 kuipata, itakuchukua miezi 80 kuirudisha hela hiyo, yaani miaka sita na miezi nane. Kama ni mkopo, riba iko juu yake. Mimi milioni 8 naweka kwenye mzigo.

Na kuna badiliko moja ambalo halihitaji spana, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Pamoja na kilomita kwa lita, hesabu kilomita kwa mzigo. Siku ukipeleka mizigo 3 kwa kilomita 60, kila mzigo umebeba kilomita 20. Siku ukipeleka 8 kwa kilomita hizo hizo, kila mmoja ni 7 na nusu. Gari ni ile ile, mafuta ni yale yale, gharama kwa mzigo imeshuka kuliko nusu. Kwa hiyo panga siku za maeneo. Mwambie mteja mapema, "Dada, Sinza na Mwenge napeleka Jumanne na Ijumaa. Ukihitaji leo, boda ni hela kadhaa." Wengi wanasubiri. Asiyesubiri analipia boda mwenyewe, na gari yako imebaki uani haijala kitu.

Najua kifaa kinavutia kwa sababu unanunua mara moja na unajisikia umetatua. Upepo wa tairi, daftari na ratiba ni kazi ya kila wiki, haina mbwembwe na huwezi kupiga picha ukapost. Lakini biashara ndogo inaishi kwa vitu vya namna hiyo hiyo. Tunahesabu mifuko ya kufungashia, tunahesabu bando, halafu mafuta ambayo ni gharama kubwa kuliko hivyo vyote tunayakadiria kwa macho ya geji.

Wiki hii fanya mawili tu: jaza ful tenki uanze kupima, na kagua upepo wa tairi zote nne. Anayekuuzia kifaa mwambie arudi baada ya mwezi, ukiwa na namba yako kwenye daftari. Mwambie akifunge, mpime pamoja kwa namna ile ile, na umlipe namba ikipanda. Utaona kama atarudi.