USIUZE MBEGU AMBAYO HUJAIOTESHA

Jamani wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuambizane ukweli.

Mwaka juzi niliposti ua linaloitwa taa ya Kichina: vifuko vya rangi ya machungwa, vyepesi kama karatasi, vinaning'inia kama taa za sherehe. Picha sikupiga mimi. Mbegu nilichukua kwa muuzaji wa jumla bila kuuliza kitu. Pakiti 14 zikaondoka, zote Korogwe na Handeni, 5,000 kila moja.

Miezi minne baadaye, mama mmoja wa Handeni akanitumia picha ya vifuko vya kijani: "Mwanangu, hili si lile gugu la kwenye mahindi?" Alikuwa sahihi. Nikarudisha hela za watu wote, 70,000. Iliniuma, ila kilichouma zaidi ni kwamba yule mama hakununua tena, na wateja watatu waliokuja kupitia kwake wakapotea naye.

Ndipo nikaanza kusoma kitu ambacho nilishakiuza. Taa ya Kichina halisi, Physalis alkekengi, asili yake ni kusini mwa Ulaya hadi Japani. Kipupwe kikija shina hufa, mizizi hubaki ardhini, kisha huchipua tena. Korogwe baridi hiyo ipo wapi? Hata mbegu zingekuwa halisi, ningekuwa nimewachezesha wateja kamari. Halafu majani na matunda mabichi yana sumu, na nyumbani kuna watoto. Tena mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha TPHPA.

Kuna atakayesema: "Mteja kapenda picha, mwache anunue." Sikubali. Mteja wa dukani anashika bidhaa. Mteja wetu anashika neno lako tu.

Kwa hiyo otesha kwanza pakiti moja uani kwako. Ikizaa, piga picha yako mwenyewe na umwambie mteja inafaa sehemu gani. Isipozaa, usiposti.

Na kama wateja wanataka pambo la aina hiyo, tazama vichaka vya Handeni. Mlama una matunda yenye mbawa nne, membamba kama karatasi, yakikauka hayahitaji maji. Omba ruhusa ya mwenye eneo, kata vitawi vichache, ning'iniza kivulini, ndipo uposti. Mzigo unaujua, picha ni yako.

Wewe ushawahi kurudisha hela ya mteja? Ilikuwaje? Tuambie hapo chini.