JEKI HUINUA, HAISHIKI



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikatika vidole viwili chini ya behewa. Jeki haikuvunjika. Ilishuka tu, polepole, bila mlio, na mkono wake ulikuwa ndani. Msimamizi alisema ni bahati mbaya. Sisi hatukubali.

Jeki ya mafuta haina uchawi. Ndani yake mna silinda mbili, nyembamba na nene, na mafuta hupita kati yake. Mafuta hayakubali kushindiliwa: ukiyasukuma mahali pamoja, husukuma pande zote kwa nguvu ile ile kwa kila sentimita ya mraba. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 300 iliyopita, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hati ya mashine yake ya kukandamiza kwa maji. Basi tukiegemea mkono wa pampu kwa uzito wa kilo 20, na mkono huo ukizidisha mara 10, pistoni ndogo husukumwa kwa kilo 200. Pistoni kubwa ikiwa na eneo mara 100 ya ile ndogo, yaweza kuinua karibu tani 20. Lakini hakuna cha bure. Ndogo ikishuka sentimita 2, kubwa hupanda sehemu ya tano ya milimita. Piga pampu mara 50 upate sentimita moja! Wanaotuhimiza "haraka, haraka" hawajaushika mkono huo.

Je, ni nini kinachozuia tani hizo zisirudi chini? Ni gololi ndogo ya vali na mpira wa pistoni, basi. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya gololi, au mpira ukichakaa, mafuta hurudi na behewa hushuka. Kwa hiyo kila linapopanda kidogo sharti tupange mbao za mataruma chini yake, magurudumu yaliyo chini yatiwe kabari, wala mtu asiingize mkono kabla behewa halijakaa juu ya mbao. Siku ile mbao hazikuwapo. Zilikuwa zimeombwa mara mbili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akimwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, asitakiwe kurudi mahali pale hatari ingali ipo. Mjumbe wa kila karakana ahesabu mbao zilizopo na jeki zinazovuja, amletee Katibu hesabu hiyo kabla ya mkutano wa Jumamosi.