Maktaba za umma zina deni la sauti

Mwaka 1996, KNLS, shirika la maktaba za kitaifa nchini Kenya, lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Taasisi iliyokubali kumfuata msomaji nyikani haina kisingizio cha kushindwa kumfikia kwenye simu yake.

Podikasti imeifungua njia hiyo. Kipofu, mzee aliyefifia macho, mama anayeshinda sokoni na dereva wa matatu wote hulipa kodi inayoendesha maktaba, ilhali wengi wao hawazikanyagi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza Serikali iendeleze lugha za kiasili na njia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Jedwali la Nne nalo limezikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Anayengoja kuombwa atekeleze hayo amesahau kazi aliyoajiriwa kufanya.

Gharama isitumiwe kama ngao. Simu nzuri, maikrofoni ya bei nafuu na chumba kisicho na kelele vinatosha kuanzia. Kipindi cha dakika 20 kikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hakifiki megabaiti 10. Asiye na bando akipakue kwa Wi-Fi ya maktaba, au awekewe kwenye memori kadi pale kaunta.

Porojo hewani tunazo tele; tunachodai ni ukutubi. Mkutubi wa Tana River akamhoji mzee wa Hola, kwa Kipokomo, kuhusu mafuriko ya 1997. Akirudi, aandike jina la msemaji, mahali, tarehe na lugha, kisha aingize rekodi hiyo kwenye katalogi kama anavyoingiza kitabu. Kitabu chenye hakimiliki kisisomwe hewani bila idhini ya mwenyewe. Kila kipindi kiwe na maandishi yake kwa ajili ya viziwi, na kimwelekeze msikilizaji vitabu vya mada hiyo viko tawi gani.

Wakuu wa maktaba wateue afisa mmoja atakayewajibika katika kila tawi. Kipindi kimoja kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko kumi vya uzinduzi vinavyofuatwa na kimya cha mwaka mzima. Na mabunge ya kaunti yasiidhinishe hata shilingi ya maktaba kabla ya kuuliza: asiyeweza kusoma ametengewa nini?