Masisi: Wanafunzi wapewe uwanja wa michezo, si mafunzo ya kijeshi

Kila vita vinapopamba moto Masisi na Walikale, wazo moja hurudi midomoni mwa watu: vijana wa shule za sekondari wafundishwe mambo ya kijeshi. Wajue gwaride, wajue kutii amri, wajue kulinda kijiji chao. Wengi wanaolisema hawana nia mbaya. Ni wazazi waliochoka kubeba magodoro mgongoni kila baada ya miezi michache, na walimu wanaoona vijana wakipoteza adabu kwa kukaa bila kazi.

Wazo hilo lilipata nguvu tangu tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alipohutubia taifa na kuwaita vijana wajiandikishe jeshini na kuunda makundi ya kulinda mitaa yao. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya kuunda jeshi la akiba, na jina la Wazalendo likaenea hadi vijijini. Mwanafunzi wa darasa la tano au la sita sekondari anasikia hayo yote kila siku. Swali ni je, shule iwe mlango wa kuingilia huko?

Tukiitazama Mushaki peke yake, jibu ni hapana.

Mushaki iko milimani, magharibi ya Goma, juu ya Sake. Ni nchi ya malisho na ng'ombe wa maziwa, lakini kijeshi ni kilima ambacho kila jeshi linakitaka. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, Mushaki ilikuwa na kituo cha kuchanganya askari, ambapo wapiganaji wa makundi mbalimbali walifundishwa ili wawe jeshi moja la taifa. Mwezi Desemba 2007, FARDC waliiteka Mushaki kutoka kwa CNDP ya Laurent Nkunda, na baada ya siku chache tu CNDP wakairudisha mikononi mwao. Februari 2023 M23 wakafika hapo, na Desemba mwaka huohuo wakaiteka tena. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-centre, kisha Sake, kisha mji wa Goma. Mwezi Machi 2025 vita vikaingia Walikale-centre.

Sasa tuchukue shule ya sekondari katika mahali kama hapo, ambayo imeanza kufundisha makadeti. Lazima kuwe na orodha: majina, umri, kijiji, nani anajua nini. Orodha hiyo inakaa ofisini kwa prefe. Siku mahali hapo panapobadilisha mikono, aliyeingia anaikuta ofisi wazi. Kwake yeye, majina yale ni ya maadui, au ni ya askari waliokwisha kufundishwa nusu, wanaosubiri tu kupewa bunduki. Kwa vyovyote vile, kijana yuko hatarini, na prefe pia. Mafunzo yaliyoletwa ili kumlinda mtoto ndiyo yanayomtambulisha kwa anayemtafuta.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 1996, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipoanza safari kuelekea Kinshasa, iliwachukua watoto wengi wa Kivu. Ndio waliopewa jina la kadogo. Baada yao, karibu kila kundi lililopita Masisi lilifuata watoto, na shule zilikuwa mahali rahisi pa kuwapata, kwa sababu vijana wanakuwa wamekusanyika pamoja kwa saa inayojulikana. Wakati wa CNDP, mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya wanafunzi waliochukuliwa shuleni Masisi na Rutshuru.

Sheria zetu ziliandikwa na watu waliokwisha kuyaona hayo. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kwamba kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba utumishi wa lazima wa kijeshi unaweza kuanzishwa kwa sheria. Wanaotaka makadeti hupenda kukitaja kifungu hicho. Lakini kifungu cha 190 kinasema wazi kwamba mtu yeyote anayeunda vikosi vya kijeshi, vya mfano wa kijeshi au migambo ya binafsi, au anayetunza vijana wenye silaha, anafanya kosa la uhaini mkubwa. Prefe, chifu wa kijiji au kiongozi wa kundi lolote hawezi kuamka asubuhi akaanzisha kikosi cha wanafunzi kwa jina la uzalendo.

Zaidi ya hapo, sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwandikisha au kumtumia mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Wakongomani wawili walihukumiwa kwa jambo hilo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, huko La Haye. Thomas Lubanga alipewa miaka 14 mwaka 2012. Bosco Ntaganda, ambaye Masisi inamjua vizuri, alipewa miaka 30 mwaka 2019 kwa makosa aliyofanya Ituri. Kati ya makosa yake kulikuwa na kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15, na kuwabaka wasichana waliokuwa ndani ya kundi lake lenyewe. Mzazi anayefikiri kwamba binti yake atajifunza nidhamu kambini akumbuke hukumu hiyo.

Kuna anayeuliza: kwa nini wasifundishwe wenye miaka 18 peke yao? Kwenye karatasi inawezekana. Darasani Masisi, ni shida. Kwa sababu ya kukimbia na kurudi, mara nyingi darasa moja lina mtoto wa miaka 14 na kijana wa miaka 20. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na wenye nacho wamekipoteza njiani au kimeungua na nyumba. Bila karatasi, umri unakadiriwa kwa macho, na mwenye kukadiria ni yule anayetafuta watu. Mtoto mrefu anakuwa mtu mzima kwa urefu wake tu.

Wengine hutoa mfano wa majirani. Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, tangu mwaka 1963, na vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa huko kwa mujibu wa sheria. Mfano huo ni mzuri, lakini tuutazame wote. Kijana anaingia JKT baada ya kumaliza shule, katika kambi ya serikali, mbali na darasa lake. Hata hivyo, mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga utumishi huo, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Uganda nayo ina vilabu vya uzalendo katika shule za sekondari. Lakini nchi hizo zina jambo moja ambalo Masisi haina: anayefundisha leo ndiye atakayekuwa bado anatawala kesho. Kwetu, kijana aliyefundishwa na mmoja anaweza kutumiwa na mwingine kabla mwaka wa shule haujaisha.

Hata hivyo, wazazi wanaodai nidhamu wasipuuzwe. Wanasema kweli kwamba vijana wanahitaji mwili wenye nguvu, kujua saa, kufanya kazi pamoja na wenzao na kumsikiliza mkubwa. Lakini kuna somo la kazi hiyo, na tayari liko kwenye programu ya taifa: elimu ya viungo, ile ambayo wanafunzi wote wanaiita jim.

Jim ndilo somo linalokufa kwanza vita vikija. Uwanja unajaa vibanda vya wakimbizi wa ndani, au askari wanapiga kambi hapo. Mpira ukipasuka hakuna wa kuununua. Mwalimu wa jim anahesabiwa kama wa ziada, saa yake inapewa hesabu au Kifaransa, na mwisho wa mwaka wanafunzi wanapewa alama ambazo hakuna aliyezitafuta. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 iliishia shule za msingi. Sekondari ni mzazi anayebeba mzigo, na mzazi aliyepoteza shamba na ng'ombe hawezi kulipa pia mpira na nyavu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za mazoezi kila siku. Si lazima kuwa na vifaa vya Ulaya. Mbio, kuruka, kamba, mpira wa miguu na wa mikono vinatosha. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alikimbia vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa, na mwaka 2016 alishindana huko Rio katika timu ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki. Yeye huyohuyo alisimulia kwamba makocha waliwafungia wachezaji walioshindwa. Mchezo ulimjenga, ukatili haukumwongezea kitu. Hivyo anayefikiri kwamba nidhamu ni viboko na amri za kambini atenganishe mambo hayo mawili.

Kuna hatua zinazoweza kuchukuliwa bila kusubiri amani kamili. Saa ya jim ifundishwe kweli, na wasichana washiriki kama wavulana. Kabla ya kufungua tena uwanja uliopitiwa na vita, wataalamu wa mabomu yasiyolipuka waukague, kwa sababu mtoto anayefuata mpira kwenye majani hatazami anapokanyaga. Mtu yeyote mwenye silaha asifundishe wala kuhutubia ndani ya shule, awe amevaa sare ya nani. Kongo iliunga mkono Tamko la Shule Salama mwaka 2016, na maana yake ni kwamba shule si kambi. Orodha za wanafunzi zisitolewe kwa kikosi chochote. Na mzazi mwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake akifunge kwenye plastiki na kukimbia nacho, kama anavyokimbia na kadi ya uchaguzi.

Kijana aliyetimiza miaka 18, aliyepata diploma yake ya serikali na anayetaka kweli kuwa askari, ana haki ya kwenda mwenyewe mahali jeshi la taifa linapoandikisha. Huo ni uamuzi wake, mbele ya sheria, akiwa na karatasi mkononi. Usifanywe kwa niaba yake akiwa na miaka 15, kwenye uwanja wa shule, na mtu ambaye mwezi ujao huenda hatakuwapo kumtetea.